Mahali pa Kuitikia

Kuna maumivu ya kuachwa na mpenzi, nayo yana dawa: utalia, utakonda, utapona. Lakini kusifiwa na mpenzi kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unalionea aibu, hayo maumivu hayana jina. Kavindu aliyapata Jumapili moja alasiri huko Westlands, katika bustani ya mkahawa uliokuwa umejaa watu wa nyama choma, akiwa amesimama na gitaa lake la stima, yaani la umeme, begani.

Siku za kazi Kavindu aliuza vitambaa vya pazia katika duka moja la Biashara Street, mjini. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Bendi yao ilikuwa ya watu watatu: Hezekiah, mzee wa besi na kiongozi wao, Mungai kwenye ngoma, na yeye, mwanamke pekee, mfupi kiasi kwamba wateja wa meza za nyuma waliliona gitaa kabla ya kumwona mwenye gitaa. Walipiga blues. Wimbo ukifika katikati, Hezekiah alimwinulia kidevu, naye Kavindu akaingia na solo ya kujitungia papo hapo, bila kukariri na bila kuandikiwa. Hiyo ndiyo raha yenyewe ya blues, kwamba hujui utasema nini mpaka umeshasema.

Basi siku hiyo kidevu kikainuliwa. Kavindu akafumba macho, akaanza. Alipoyafumbua alimtafuta Norman, maana bila kumwona Norman siku hizo alihisi anapigia kuta. Akamwona kwenye meza ya karibu, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri, yale macho yake ya upole yanang'aa kwa fahari. Kando yake alikaa dada yake, Debra. Norman alikuwa ameinua kidole.

"Sasa inapanda," Norman alimwambia dada yake. "Sikia. Ti-ri-ri-riii."

Na gitaa likapanda, ti-ri-ri-riii.

"Sasa inashuka kidogo, halafu inakaa hapo ikilia."

Gitaa likashuka kidogo, likakaa pale likilia. Debra akacheka na kumpigia kaka yake makofi. Kavindu akainamisha kichwa juu ya nyuzi.

Muziki ulipoisha hakwenda mezani. Alipita nyuma ya jikoni, akatokea mahali magari yanapoegeshwa, na Norman akamfuata mbio na chupa ya soda aliyomnunulia.

"Sasa mrembo. Mbona umetorokea huku? Umeona nilivyokuwa nikimwonyesha Debra? Siku hizi naijua yote, aki. Hata nikifua nguo naiimba."

"Unaimba nini?"

"Solo yako."

"Solo gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Ole wake! Laiti angejua, angeumeza ulimi wake pamoja na hiyo soda. Kavindu alimtazama usoni akitafuta kejeli, akaikosa. Mwanaume wa watu alikuwa akisema ukweli wake wote.

"Norman, hiyo si wimbo. Hakuna mtu ameiandika. Mimi huitunga pale pale, nikiwa nimesimama."

"Pale pale?" Norman alishangaa. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Na inatoka tu vile vile?"

Swali hilo lilimkata maini. Alikuwa amelishuku jambo hili muda mrefu. Vidole vyake vilipenda pahali pamoja pa gitaa, noti zile zile tano. Kila solo alianza akiahidi kwenda kwingine, na kila solo vidole vikarudi pale pale. Alikuwa akijidanganya kwamba ni yeye tu anayesikia.

"Mimi nilidhani ni wimbo wako wa maana," Norman akasema polepole, akiona machozi yanakuja. "Ndiyo maana niliishika kichwani. Kitu chako chochote huwa nakishika."

"Usinishike tena kitu. Na usije tena hapa Jumapili."

"Kavindu, tafadhali. Na Jumamosi je? Mum ameshaanza kupanga vikombe."

"Mama yako si hataki mpiga gitaa wa baa? Mpelekee habari njema. Mwambie hata gitaa lenyewe hajui kupiga."

Akamwacha na soda mkononi.

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu. Mama yao Norman na Debra, Virginia, alikuwa mjane aliyeishi mtaa wa Kabiria, mmoja wa viongozi wa Guild ya akina mama kanisani, na Norman alikuwa amemwahidi tangu matanga ya baba yake kwamba hataoa bila baraka yake. Alipoambiwa kuna msichana, Virginia alifurahi. Alipoambiwa ni Mkamba, si wa kabila lao, alisema Mungu ndiye aliyewaumba wote. Alipoambiwa anapiga gitaa Westlands mahali panapouzwa pombe, aliweka kikombe chini. "Aje," alisema. "Nitampikia. Lakini nitamuuliza kama ataiacha hiyo gitaa. Akisema ndiyo, tutaongea mambo ya harusi. Akisema hapana, atakuwa amekula chakula kizuri na atarudi kwao." Debra ndiye aliyempasulia Kavindu siri hiyo, na Kavindu alishukuru kujua mapema.

Juma zima alihangaika. Katika chumba chake cha Riruta alibadilisha nyuzi, akazima taa, akapiga kinyume, akapiga haraka mpaka vidole vikawaka moto. Vikarudi pale pale. Alimpigia simu Hezekiah.

"Vidole vyako vimejua njia ya nyumbani," mzee akamwambia. "Vinaenda vyenyewe, wewe umelala."

"Sasa nifanye nini?"

"Ningejua ningekuwa bado napiga besi? Si ningekuwa tajiri!" Hezekiah akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Pole, binti. Hata mimi yalinipata. Yakaisha siku moja tu, na sikujua yaliishaje."

Faraja gani hiyo! Siku ya Ijumaa, akikata kitambaa cha pazia cha mteja, Kavindu aliamua. Gitaa lilikuwa limekufa mikononi mwake. Kwa nini apoteze mwanaume aliye hai kwa sababu ya maiti? Angemwambia yule mama ndiyo, ameliacha, na angelia baadaye akiwa mke wa mtu. Akamtumia Norman ujumbe kwenye simu: Jumamosi nakuja.

Norman alimngojea katika kituo cha Adams Arcade tangu kabla ya saa waliyoagana. Alipomwona anakuja na gitaa kwenye mfuko wake mgongoni, alichanganyikiwa.

"Umekuja nayo kwa Mum?"

"Nikitoka kwenu naipeleka kwa Hezekiah amtafute mtu mwingine. Naiacha, Norman."

Norman hakuruka kwa furaha kama Kavindu alivyotarajia. Alisimama tu katikati ya watu na mifuko yao ya sokoni, akamshika vidole, vile vidole vya mkono wa kushoto vilivyokuwa vigumu nchani kwa sababu ya nyuzi. Kavindu alipenda sana akishikwa hapo.

"Usifanye hivyo kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako. Imeniacha yenyewe."

"Nilikuumiza, na sikujua nimefanya nini. Bado nasikia vibaya, usingizi sipati." Alimtazama kwa yale macho ya upole. "Mimi nilikupenda kabla sijajua kuna kitu inaitwa solo. Lakini ukiicheza unakuwa wewe zaidi. Ukirudi nyumbani ukiwa umepungua, mimi nitaoa nani?"

"Twende, tutachelewa," Kavindu akasema, maana angeongeza neno moja angelia.

Nyumba ya Virginia ilikuwa ya mawe, na sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe alivyovishona kwa mkono. Kavindu alivua viatu mlangoni, gitaa akalilaza nje ya mlango kama mtu anayeficha mbwa. Virginia akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, uso wa kupima watu.

"Karibu, mtoto wangu. Jisikie nyumbani."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe una heshima." Alimgeukia mwanawe. "Na umekonda, wewe." Akamrudia Kavindu. "Anakula kweli huyu?"

Debra alipakua njahi, yaani maharagwe meusi, zilizopondwa pamoja na ndizi, kuku wa mchuzi, na chapati laini zilizokunjwa pembe nne. Wote wakakaa. Virginia akafumbata mikono yake.

"Hapa kwetu mgeni ndiye anayetuombea."

Kavindu alikuwa amelelewa kanisani, hilo halikumtisha. Akafumba macho, akaanza kwa sauti ya kanisani. "Mungu Baba uliye mwingi wa rehema tunakushukuru kwa siku ya leo umetulinda si kwa nguvu zetu wala si kwa ujanja wetu, kuna wengine wana chakula lakini hawawezi kula, wengine wanaweza kula lakini hawana chakula, sisi umetupa vyote viwili..." Maneno yalitiririka, na hakuhitaji hata kupumua. Katikati, sijui nini kilimsukuma, akafumbua jicho moja.

Norman alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa akiyasema maneno yote ya Kavindu, tena mbele yake kidogo. Bariki mikono iliyotayarisha. Wape wasio nacho. Debra naye midomo yake inatembea. Sala ilikuwa ya kujitungia papo hapo, bila kuandikiwa, na meza nzima iliijua mpaka mwisho.

Sauti ya Kavindu ikakatika. Akamalizia kwa haraka. "...katika jina la Yesu, amina."

"Amina," wakasema.

Virginia hakugusa kijiko. "Nikuambie kitu na usikasirike?"

"Sema, mama."

"Hiyo ni ile ya kila mtu. Si mbaya. Hata mimi huiomba nikiwa nimechoka. Lakini Mungu ameisikia tangu asubuhi nyumba zote hizi za Kabiria, na hizi njahi hakuna aliyemwambia habari yake." Akafumba macho tena, na wote ikabidi wafumbe. "Baba."

Kisha akanyamaza. Akanyamaza mpaka Kavindu akadhani kuna jambo limemtokea.

"Asante kwa hizi njahi."

Kimya. "Asante," Norman na Debra wakaitikia taratibu.

"Zilikuwa ngumu. Zimeiva."

"Asante."

"Asante kwa Norman. Amerudi nyumbani na shati safi."

"Asante."

"Asante kwa huyu msichana. Amevua viatu na hakuambiwa."

"Asante," wakasema, Norman akiwa wa kwanza.

"Sijui kama nitampenda."

Hapo kimya kilishuka hata kuku akakosa harufu. Hakuna aliyethubutu kuitikia. Kavindu alisikia mtu akipita nje na mkokoteni, akajikuta anangoja neno la huyu mama kuliko alivyowahi kungoja neno la mtu yeyote. Hakujua litakuwa lipi. Kwa Mungu, hakujua kabisa.

"Lakini amekuja," Virginia akasema. "Amina."

"Amina!" Kavindu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, na machozi yakamtoka macho yakiwa yamefumbwa. Hakuwa na huzuni. Alikuwa ameelewa. Neno moja, kisha nafasi. Neno jingine, fupi tu, na aliye mbele yako anapata mahali pa kuingia. Yeye katika solo zake hakuwahi kunyamaza hata mara moja. Alikuwa akiogopa kimya, ndiyo maana vidole vilikimbilia vilikozoea, na watu wakabaki kusikiliza tu bila kupewa nafasi. Kwa shukrani akala njahi zile kama hajala mwezi mzima.

Virginia alimwongezea chapati mara mbili. Alipoona sahani ni tupu, akauliza bila kuzunguka.

"Kavindu. Ukija kuwa mke wa Norman, utaiacha hiyo gitaa?"

Jibu lilikuwa tayari, alikuwa amelibeba tangu Ijumaa. Ndiyo, mama. Alifungua mdomo kulitoa.

"Hapana, mama."

Debra alikohoa. Norman alishika ukingo wa meza. Kavindu mwenyewe alijisikia kama mtu aliyeruka shimo na bado yuko hewani.

"Nisamehe," akaendelea, machozi yakimlenga. "Nilikuja nikikusudia kusema ndiyo. Kwa sababu nampenda Norman, nampenda mpaka naogopa. Na kwa sababu hiyo gitaa ilikuwa imenishinda. Lakini nikisema ndiyo nitakuwa nakuambia ile ya kila mtu. Sitaki kukudanganya mezani kwako."

Virginia aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo uko tayari kurudi kwenu?"

"Siko tayari. Lakini nitarudi."

"Mum..." Norman akaanza.

"Wewe kaa." Virginia akasogeza sahani. "Iko wapi hiyo kitu isiyoachika?"

"Nje, mama. Mlangoni."

"Umeacha kitu ya pesa yote hiyo nje, hapa Kabiria? Debra, hebu ilete haraka!"

Kavindu alilitoa gitaa kwenye mfuko na kuliweka pajani. Virginia aliziba sikio moja kujitayarisha. Kavindu akagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka ndogo, nyembamba, ya kusikika mpaka meza inapoishia.

"Ndiyo hiyo tu?" Virginia akaondoa mkono sikioni, karibu amekasirika. "Na kelele zote zile ninazosikia habari zake?"

"Bila stima inanong'ona tu, mama."

"Debra, zima redio."

Ikabidi wote wainame karibu. Kavindu alijikataza noti zake tano za siku zote, akaushika uzi mmoja peke yake. Akapiga maneno matatu tu. Akaacha.

Kimya kilimtisha, vidole vikataka kukimbia nyumbani. Akavikataza. Akangoja.

Akapiga tena, kitu kingine, kikiinama mwishoni kama sauti ya mtu anayeuliza. Akaacha tena. Na katika nafasi hiyo, kwa mazoea ya miaka mingi ya maombi, bila kujua anafanya nini, Virginia akaitikia kutoka kifuani.

"Mmh."

Kavindu akashtuka, akaipokea ile "mmh," akaijibu chini kabisa kwenye uzi, mahali ambapo hakuwahi kufika. Virginia akaitikia tena, safari hii akijua. Norman alifungua mdomo amtangulie, akaimba noti ya juu, na gitaa likashuka. Akacheka peke yake kwa furaha ya mtu aliyekosea. Kavindu alimtupia jicho, na katika jicho hilo kulikuwa na msamaha, na mapenzi, na mambo mengine yasiyofaa kuandikwa mbele ya mama mkwe.

Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi.

"Hiyo inaitwaje?" Virginia akauliza.

"Haina jina. Haikuwepo kabla ya sasa."

"Na kesho utaipiga tena?"

"Hiyo hiyo siwezi, mama. Imeshaenda."

Virginia alikunja kitambaa cha mkono, akakikunjua. "Pale ulipokuwa ukinyamaza. Ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Yule mama aligeuza uso, akatazama dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa kana kwamba ni vumbi. Aliporudisha uso alikuwa mkali kama mwanzo.

"Huko Westlands, mtu anaweza kuingia bila kupitia kwa walevi?"

Norman aliinuka nusu kitini. Kavindu akajibu haraka. "Kuna lango la bustani, mama."

"Nitakuja nikitoka kanisani. Na uniwekee kiti karibu nawe, si kule nyuma. Hiyo kitu ikiwekwa stima nataka kujua mahali pa kuitikia."

Kavindu aliweka gitaa kando, akaenda akapiga magoti kwenye zulia, akashika mkono wa Virginia kwa mikono yake miwili na kuuweka shavuni, akilia waziwazi. Virginia akamwacha alie kiasi. Kisha akamwambia ainuke aketi karibu na Norman, kwa sababu chai ilikuwa inakuja na kochi lile lilikuwa la watu wawili.